Anyurizimu ya ubongo: msiyalaumu mawazo, tazameni panda ya mshipa

Oktoba 2025 Kim Kardashian alisema kwenye kipindi chake cha televisheni kwamba picha ya MRI ilimwonyesha ana anyurizimu ndogo kwenye ubongo, na kwamba madaktari waliihusisha na msongo wa mawazo. Habari hiyo haikuchukua muda kufika Nairobi, na ilipofika kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa wetu ilikuwa tayari imevishwa nguo nyingine: mawazo yanachemsha damu, damu inasukuma, mshipa unavimba. Jirani mmoja akaweka chini yake tangazo la kupimwa kichwa kwa bei ya ofa. Mwingine akaleta kitunguu saumu na ndimu, eti vya kulainisha damu. Nasema wote wameshika mkia wa jambo wakadhani ni kichwa. Mkondo wa damu kweli una mkono mkubwa katika kuumbika kwa anyurizimu, ila si kwa njia wanayoidhania. Damu haivimbishi mshipa kwa kuusukuma tu. Inausugua mahali pamoja kwa miaka, na ukuta wa mshipa, kwa kuwa una uhai, unajijenga upya vibaya. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua pesa zetu za afya ziende wapi.

Anyurizimu ni kifuko kinachotuna kwenye ukuta wa ateri uliodhoofika. Nyingi za ubongoni hazizidi milimita chache, na makadirio yanayotumika sana ni kwamba takriban asilimia 3 ya watu wazima wanazo bila kujua. Wengi wao watazikwa nazo wakiwa wamekufa kwa jambo jingine kabisa. Ikipasuka, hata hivyo, damu humwagika kuuzunguka ubongo, na kati ya theluthi moja na nusu ya wanaopatwa na balaa hilo hufariki. Kinachonivutia zaidi ni mahali zinapotokea. Chini ya ubongo kuna mzunguko wa ateri zilizoungana, unaoitwa duara la Willis kwa heshima ya daktari Mwingereza Thomas Willis, aliyeueleza katika kitabu chake cha mwaka 1664. Anyurizimu hazizagai ovyo kwenye mzunguko huo. Zinapenda panda, yaani pale ateri moja inapogawanyika kuwa mbili, na zaidi ya asilimia 80 huwa upande wa mbele. Ugonjwa unaochagua mahali namna hiyo unatuambia kitu kuhusu chanzo chake. Mawazo hayana panda. Presha nayo iko karibu sawa katika ateri zote kubwa za kichwa. Kilicho tofauti kwenye panda ni jinsi damu inavyopita.

Hapa ndipo hesabu inapowashangaza watu. Ubongo una takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hupokea karibu asilimia 15 ya damu inayotoka moyoni mtu akiwa ametulia. Damu hiyo hufika kwenye ncha ya panda ikaigonga, kisha ikagawanyika kushoto na kulia. Mtu akisikia hivyo hufikiri mara moja kwamba ule mgongano ndio unaotoboa. Lakini damu inayokwenda kwa kasi ya nusu mita kwa sekunde, ikisimamishwa ghafla kwenye ncha hiyo, huongeza shinikizo la takriban milimita 1 ya zebaki. Milimita 1, juu ya zile 120 zilizokuwepo tayari. Hakuna mshipa unaoshindwa na nyongeza hiyo. Msuguano wenyewe ni mdogo zaidi: kwenye ateri yenye afya ni paskali chache tu, ilhali presha ya 120 ni karibu paskali 16,000. Kwa kipimo cha nguvu pekee, msuguano haufai hata kutajwa. Ajabu ni kwamba hizo paskali chache ndizo ambazo seli zinazotandika ndani ya mshipa zimeumbwa kuzisikia.

Seli hizo za endotheli ni safu moja tu, nyembamba, inayogusana na damu moja kwa moja. Mkondo ukiwa tulivu na wa wastani, hujilaza kuufuata na kutoa gesi ya naitriki oksidi, ambayo huulegeza mshipa na kutuliza uchochezi, ile hali ya kinga ya mwili kuwaka kama kwenye kidonda. Msuguano ukipanda kwenye ateri iliyonyooka, hutuma ujumbe kwa misuli ya ukuta ili mshipa upanuke, msuguano urudi chini, na maisha yaendelee. Huo ni mfumo mzuri sana. Tatizo ni kwamba kwenye panda haufanyi kazi. Pale damu inapogonga, msuguano huwa karibu sufuri, lakini hatua ndogo tu pembeni damu huongeza mwendo na msuguano hupanda mara kadhaa ndani ya nafasi isiyofikia milimita chache. Seli za hapo husikia amri ya kupanua mshipa, wakati umbo la panda haliruhusu. Zinaanza kubomoa ili zijenge. Vimeng'enya vinavyokata kolajeni na elastini, nyuzi zinazoushikilia ukuta, hutolewa, sehemu kubwa yake na seli za misuli ya ukuta wenyewe, ile tabaka ya ndani inayonyumbuka huchanika, misuli hupungua. Na ateri za ndani ya fuvu hazina akiba: hazina tabaka ya nje inayonyumbuka kama walizonazo ndugu zao wa shingoni na kifuani, ngozi yao ya nje ni nyembamba, na zinaelea kwenye majimaji bila nyama ya kuzishikilia. Presha sasa inakuta ukuta uliokonda, na hapo ndipo milimita 120, au 170 kwa ndugu zetu wasiojijua, zinapoanza kuutunisha.

Haya si mawazo ya mezani. Mwaka 1978 watafiti wa Japani walionyesha kwamba panya anaweza kuota anyurizimu ubongoni ukimfunga ateri moja ya shingo, ukampandisha presha na kumlisha kitu kinachodhoofisha kolajeni. Baadaye majaribio ya sungura yalionyesha kwamba kufunga ateri za shingo peke yake, ili damu yote ipitie njia ya nyuma, kunatosha kuanzisha uharibifu kwenye ncha ya ateri ya basila, ile inayolisha upande wa nyuma wa ubongo. Binadamu nao wametoa ushahidi bila kutaka. Watu waliofungiwa ateri moja ya shingo kwa sababu ya matibabu wamewahi kuota anyurizimu mpya upande uliobaki na kazi ya ateri mbili. Wenye kasoro ya kuzaliwa ambapo ateri humwaga damu kwenye vena bila kupitia kapilari huwa na anyurizimu nyingi kwenye ateri zinazolisha kasoro hiyo, na baadhi ya hizo hunywea kasoro ikishaondolewa. Hata tofauti ya kawaida ya maumbile ina sauti: mtu ambaye ateri yake moja ya mbele ilizaliwa nyembamba, hivi kwamba ya pili inalisha pande zote mbili, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuota anyurizimu kwenye kiungo kati yao.

Upo upande unaopinga kuupa mkondo sifa zote, na hoja yao ni nzito. Kila mwanadamu ana panda kwenye duara la Willis, wanasema, na kila moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku. Mbona basi 97 kati ya 100 hawana kifuko? Wanaonyesha ugonjwa wa figo wenye vifuko vingi, unaorithiwa, ambapo takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi ana anyurizimu ya ubongo. Wanaonyesha familia ambazo ndugu wawili watatu wamepatwa. Wanaonyesha sigara, ambayo haibadilishi umbo la panda lakini huongeza hatari waziwazi. Wanaonyesha pia kwamba wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, hasa baada ya hedhi kukoma, jambo linalohusishwa na kushuka kwa estrojeni. Nawakubalia karibu yote. Ninachokataa ni kwamba hoja hizo zinauondoa mkondo kwenye kesi. Jeni, moshi na homoni huamua ukuta utavumilia kiasi gani. Mkondo huamua uharibifu uanzie wapi. Mvutaji sigara huvuta moshi ambao damu huusambaza mwilini kote, ila kifuko chake bado kitajitokeza kwenye panda.

Hata ndani ya kambi ya mkondo hawapatani. Kwa miaka mingi walivutana: msuguano mkubwa ndio mbaya, au ule mdogo? Mwaka 2011 zilichapishwa tafiti mbili kubwa zilizotumia kompyuta kukokotoa mwendo wa damu ndani ya anyurizimu za wagonjwa halisi. Moja ilikuta zilizopasuka zina mchirizi mwembamba wenye kasi na msuguano wa juu. Nyingine ikakuta zilizopasuka zina msuguano mdogo unaoyumbayumba. Asiyefuatilia angecheka na kuondoka. Mwaka 2014 Hui Meng na wenzake wa Buffalo, New York, walipendekeza kwamba pande zote mbili zina ukweli, ila kwa nyakati tofauti. Msuguano mkubwa huanzisha kifuko. Kikishakuwepo, damu iliyomo huweza kuzungukazunguka polepole, na sasa seli za endotheli hulegea, chembechembe za kinga zikapenya ukutani na uchochezi ukaendelea kuutafuna. Au mchirizi mkali ukaendelea kuukondesha ukuta kama mwanzo. Madaktari wa upasuaji huziona aina zote mbili kwa macho: kuna kifuko chekundu chenye ukuta mwembamba hadi damu inaonekana ikizunguka ndani, na kuna kingine kinene, cheupe, chenye mafuta yaliyoganda. Mimi naona maelezo ya Meng ndiyo yanayosimama vizuri zaidi hadi sasa. Pia yanatuzuia kuchanganya mambo matatu tofauti, yaani kuumbika, kukua na kupasuka.

Mchanganyo huo ndio unaozaa hoja ya mawazo. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2011, uliohoji wagonjwa 250 waliopasukiwa, ulipata mambo manane yaliyotangulia kupasuka mara nyingi kuliko ilivyotarajiwa: kahawa, kola, hasira, kushtuka, mazoezi makali, kupenga kamasi kwa nguvu, kujikamua chooni na tendo la ndoa. Ona hapo. Hasira imo, lakini imekaa safu moja na kupenga kamasi, na yote manane hupandisha presha kwa dakika chache dhidi ya ukuta ambao ulikuwa umeoza zamani. Hakuna anayedai kwamba kamasi huumba anyurizimu. Mwanamume akiporomoka baada ya kugombana na mkewe, matanga yatasema mke alimuua kwa mawazo, na nimesikia maneno hayo yakitamkwa mbele ya mjane akiwa ameketi pale pale. Ni ukatili, na ni sayansi mbovu. Mawazo ya muda mrefu yanaweza kumwongezea mtu presha, yakamrudisha kwenye sigara na kumsahaulisha dawa zake, na kwa njia hiyo yana lawama fulani. Lakini anayeanza na kuishia na mawazo humwacha mgonjwa bila kitu cha kupima wala cha kutibu.

Hoja ya damu nzito, ile ya kitunguu saumu na ndimu, ni dhaifu zaidi. Damu nyepesi hukimbia zaidi, haipungui mwendo. Wagonjwa wa selimundu, ambao damu yao ni pungufu na hupita ubongoni kwa kasi kubwa kuliko kawaida, hupatwa na anyurizimu zaidi ya watu wengine, ingawa kwao ukuta wa mshipa huumizwa pia na seli zenyewe. Aspirini inachunguzwa na watafiti kwa uwezo wake wa kutuliza uchochezi ukutani, na hilo ni suala la mtu na daktari wake. Kujimezea vidonge ili kulainisha damu kwa kuogopa mshipa kupasuka ni kukosea mlango.

Wengi huueleza ugonjwa huu kwa mfano wa bomba la maji linalopasuka barabarani maji yakizidi nguvu. Nauelewa mvuto wake, hasa kwetu tuliozoea kuruka madimbwi ya mabomba yaliyopasuka. Mfano huo unafaa dakika ya mwisho tu. Bomba halisikii maji yakipita, halijibomoi ili lijipanue, wala haliiti askari wa kinga waje kulila. Anayefikiri kwa mfano wa bomba huona njia mbili: kupunguza nguvu ya maji leo, au kuchimba kutafuta nyufa kila mahali. Ndiyo maana ofa za kupimwa kichwa zinapata wateja.

Tuzipigie hesabu hizo ofa. Chukua watu wazima 1,000 wasio na dalili, uwapitishe kwenye MRI ya mishipa kwa makumi ya maelfu ya shilingi kila mmoja. Utapata takriban 30 wenye anyurizimu, nyingi zikiwa ndogo. Utafiti mkubwa wa Japani wa mwaka 2012 uliona kiwango cha kupasuka cha takriban asilimia 0.95 kwa mwaka, na Japani ni nchi ambako hupasuka zaidi kuliko kwingi. Kwa hiyo katika wale 30 ungetarajia mmoja apasukiwe baada ya kipindi cha zaidi ya miaka mitatu. Upande wa pili, utafiti wa kimataifa uliochapishwa 2003 ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja, karibu mmoja kati ya kumi waliotibiwa anyurizimu ambayo haijapasuka alikuwa amefariki au kupata ulemavu wa aina fulani. Mbinu zimeboreka tangu hapo, ila hatari haijaisha. Wale wengine watabaki na hofu. Mtu aliyeambiwa ana kifuko cha milimita 3 kichwani hulala vibaya, na halafu anaambiwa asiwe na mawazo! Vipimo vya uamuzi vyenyewe bado havitumii mkondo. Alama za PHASES, zilizotolewa 2014, hutazama asili ya mtu, presha, umri, ukubwa wa kifuko, historia ya kuvuja kabla na mahali kilipo. Programu za kompyuta za kukokotoa msuguano ni kazi nzuri ya utafiti, lakini hudhania mengi, mara nyingi hata kwamba ukuta wa ateri haunyumbuki. Anayeuziwa utabiri wa programu hizo kama hukumu ana haki ya kuuliza maswali.

Wapo wanaostahili kupimwa bila kusubiri: mwenye ndugu wawili au zaidi wa damu ya karibu waliopatwa, mwenye ugonjwa wa figo wa vifuko vingi, na yeyote ambaye kope imelegea ghafla na mboni ya jicho hilo kupanuka, kwa kuwa kifuko kinaweza kuwa kinaubana mshipa wa fahamu. Na mtu aliyepigwa na maumivu ya kichwa yaliyofika kilele ndani ya sekunde chache, makali kuliko yote aliyowahi kupata, asipewe panadoli akalale. Huyo ni wa hospitali usiku huo huo. Akifika, matibabu yenyewe yanathibitisha nadharia ya mkondo. Upasuaji wa kubana shingo ya kifuko kwa klipu ulianzishwa na Walter Dandy mwaka 1937, na waya laini za platinamu za kukijaza zikaja mapema miaka ya 1990. Lakini tangu Marekani ilipoidhinisha kifaa cha kwanza cha aina yake mwaka 2011, ipo neti ya waya inayowekwa ndani ya ateri mama, mbele ya mdomo wa kifuko, bila kukigusa kifuko. Neti huigeuza njia ya damu tu. Damu ya ndani hutulia, ikaganda, na seli za endotheli hutambaa juu ya nyaya na kujenga ukuta mpya. Ukibadilisha mkondo, mshipa unajiponya taratibu. Kama presha peke yake ingekuwa kila kitu, neti hiyo isingefua dafu, maana presha ndani ya kifuko haishuki sana.

Kifaa hicho ni ghali na wanaojua kukiweka nchini ni wachache, kwa hiyo sera haiwezi kuanzia hapo. Panda za mishipa yetu hatuwezi kuzinyoosha, na jeni tumeshazirithi. Kilichobaki mikononi mwetu ni presha na sigara. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Pita katikati ya jiji asubuhi utamkuta kijana mwenye koti jeupe, kiti cha plastiki, mizani ya uzani na mashine ndogo ya presha. Mteja anaketi akiwa amepanda ngazi sasa hivi, mkoba begani, mkono unaning'inia, shati la mikono mirefu limekunjwa likabana juu ya kiwiko. Anapimwa mara moja, anaandikiwa 158 kwa 96 kwenye kikaratasi, analipa, anakimbilia matatu. Kikaratasi hicho hakimpeleki popote. Angepumzika dakika tano na kupimwa mara mbili, pengine namba ingeshuka, au ingebaki pale pale, na hapo angehitaji mtu wa kumfuatilia.

Mtu huyo yupo kwenye karatasi za serikali. Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii 100,000 walizinduliwa wakiwa na mikoba yenye mashine za presha, na mwaka mmoja baadaye mamlaka mpya ya bima ya afya, SHA, ikachukua nafasi ya NHIF ikiahidi kutilia mkazo huduma za msingi. Swali ninalotaka wabunge wetu na kaunti walijibu ni hili: mhudumu akipata 170 kwenye ploti ya Mathare au Kayole na kumpeleka mgonjwa zahanati, amlodipini, dawa ya presha, ipo siku hiyo, na mwezi ujao, na mwaka ujao? Ukuta wa ateri hudhoofika kwa miaka, kwa hiyo dawa ya wiki mbili zinazofuatwa na miezi mitatu ya kabati tupu haiusaidii. Fedha za kununua vidonge hivyo bila kukatika zingezuia viharusi vya kawaida vingi kuliko anyurizimu, pamoja na maradhi ya moyo na figo, na ndani yake zingewafikia hata wale 3 kwa 100 ambao hatutawahi kuwajua kwa majina.